Kabla hamjaleta mfumo mwingine mwaloni, ulizeni nani anamsomea nani (uzi kutoka Kigoma)

Mwana_Kibirizi:

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu. Nawaandikia wanaotengeneza mifumo ya simu kwa ajili ya vijiji, na pia wanavijiji wanaoitwa ukumbini kufundishwa mfumo ambao hawakuulizwa lolote ulipokuwa unabuniwa. Mimi naandika kumbukumbu za samaki mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, hapa Kigoma. Kazi yangu ya pili, isiyo na malipo, ni kuwasomea watu simu zao, na hiyo ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Hoja yangu ni moja. Karibu kila mfumo unaoletwa huku umejengwa kwa kumfikiria mtu mmoja: ana simu yake, ana namba yake ya siri, anasoma mwenyewe, na ana muda wa kukaa chini abonyeze. Mwaloni mtu huyo ni wa kutafuta. Taarifa hupita mikononi mwa watu kadhaa ndipo ifike inakokwenda, na mbunifu asiyewajua watu hao mfumo wake utasimama siku gari la mradi litakapoondoka.

Chukueni boti moja ya dagaa. Tajiri ndiye mwenye boti, nyavu na injini, na mara nyingi haingii ziwani. Nahodha anaongoza, vijana wanavuta. Zamani waliwasha karabai, siku hizi ni taa za sola na betri, lakini kazi ni ileile: dagaa wafuate mwanga. Simu nyingi zinabaki nyumbani kwa hofu ya maji. Inayokwenda ziwani ni moja, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na ni ya wote waliomo. Boti ikigonga mchanga asubuhi, karani wa tajiri ana daftari lake, mtu wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia mwalo) ana fomu yake, mtoza ushuru ana mashine yake, na akina mama wameshika mabeseni. Meseji ikiingia kwa tajiri anasomewa na mwanawe aliyeko sekondari. Mama anayeanika dagaa anamwomba jirani amhesabie salio. Sasa niambieni, katika watu wote hao "mtumiaji" ni yupi?

Hili si la Kigoma peke yake. Mwaka 2010 Nithya Sambasivan, Ed Cutrell, Kentaro Toyama na Bonnie Nardi walichapisha utafiti walioufanya kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini Bangalore, India. Walionyesha kwamba watu wengi wasiogusa kabisa simu wala kompyuta wanafaidika nazo kupitia mtoto, jirani au mtu wa duka. Ukihesabu wenye simu tu, umewaacha nje hao wote, na umemwacha nje pia anayewasaidia.

Angalieni pesa ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Haikudai simu janja. Inapita kwenye menyu ya USSD ambayo kitochi chochote kinaifungua bila bando. Hayo yanasemwa kila siku. Linalosahaulika ni wakala. Waliobuni hawakujidanganya kwamba kila Mtanzania ataweka na kutoa fedha peke yake chumbani. Walimweka mtu katikati, wakampa nafasi inayojulikana: ana namba yake, anapata kamisheni, ana kitabu cha kuandika, na jina la huduma limebandikwa ukutani kwake. Bibi asiyesoma anamwendea. Kwa maoni yangu pesa ya simu ilifika vijijini kwa sababu msaidizi aliingizwa ndani ya mfumo na akalipwa. Mifumo mingine yote niliyoiona inamchukulia msaidizi kama kasoro itakayoisha watu wakishaelimika.

Sasa niseme jambo dogo lililonisumbua kuliko yote, nalo ni saa.

Fomu ya kwenye simu inauliza: "Mlitoka saa ngapi?" Nahodha anajibu, saa moja. Kijana anayejaza anaandika 1:00. Kompyuta inaelewa saa saba usiku. Hakuna aliyekosea, wala nahodha wala kijana. Fomu imebuniwa na mtu anayeanza kuhesabu siku saa sita usiku, ikaletwa kwa watu wanaohesabu saa kuanzia jua linapozama na linapochomoza.

Halafu fomu inataka tarehe moja. Boti imetoka Alhamisi jioni, imerudi Ijumaa alfajiri. Kwetu huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa na kila mtu anaelewa. Kwenye fomu mmoja anaandika Alhamisi, mwenzake Ijumaa, na kazi ya usiku mmoja inaonekana ya siku mbili.

Ongezeni na mpaka. Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa ziwani, au kaskazini kule Kagunga, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kubadili saa yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Nimeona rekodi ya boti iliyorudi kabla haijaondoka. Fundi aliyeko mbali akiiona anaifuta kama takataka, na pamoja nayo zinafutika kilo za samaki waliovuliwa kweli.

Kwa nini nakaza hapa? Kwa sababu wingi wa samaki ziwani unakisiwa kwa kulinganisha kilichopatikana na jitihada iliyotumika, na saa za majini ni sehemu ya jitihada hiyo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nyumba nyingi huku zilikaa bila kipato chake cha kawaida kwa miezi mitatu. Sipingi kupumzisha ziwa. Nasema uamuzi mzito namna hiyo unastahili takwimu zilizoandikwa kwa saa ambayo mvuvi mwenyewe anaifahamu. Na dawa yake ni rahisi: badala ya sanduku tupu la kuandika namba, weka chaguo nne: kabla ya magharibi, baada ya isha, usiku wa manane, alfajiri. Kompyuta ndiyo ijifunze kutafsiri. Ina nguvu ya kufanya hivyo kuliko nahodha aliyekesha.

Mwisho kwa leo. Wengi wakisikia "kushirikisha jamii" wanafikiria semina na soda. Jambo hilo lina historia nzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard, Mnorwe ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alibuni lugha ya kompyuta ya Simula, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali nchini kwao. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani na wafanyakazi walitaka kujua zitawafanya nini. Alifanya utafiti kwa ajili ya chama, wanachama wakiwa ndani yake. Kufikia mwaka 1975 Norway ilikuwa na makubaliano ya kitaifa kati ya waajiri na vyama yaliyowapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kusikilizwa kabla ya mfumo mpya kuingia kazini. Kwao ilikuwa haki iliyoandikwa. Nani huku mwaloni ana haki ya kusema "mfumo huu usianze hadi mrekebishe hapa"? BMU? Serikali ya kijiji? Nataka tujadili hilo.

Fundi_Msimbo:

Mkuu, mimi natengeneza mifumo hapa Dar na nimesoma neno kwa neno. La saa nimelichukua na kesho naanza nalo, kwa sababu mimi mwenyewe nina fomu ya namna hiyo.

Lakini kwenye msaidizi nina hofu ya kweli. Namba ya siri ni ya mtu mmoja kwa sababu maalumu. Nikijenga mfumo unaomkubali mtu wa pili nitakuwa nimewafungulia wezi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi ndiye nitakayeulizwa taarifa za mama fulani zilifikaje kwa jirani. Pili, mwenye fedha za mradi anapima kwa idadi ya waliojisajili. Ukimwambia akaunti moja inahudumia watu sita, anaona hasara ya watu watano. Nifanyeje?

Mwana_Kibirizi:

Ndugu Fundi, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa ninayoyaona.

Mlango umeshafunguka kaka. Mzee asiyesoma leo anampa kijana simu pamoja na namba ya siri, kwa sababu mfumo unatambua mambo mawili tu: una namba au huna. Kijana mwaminifu na kijana mwizi wanapewa kitu kilekile. Ungetambua kwamba kuna msaidizi, ungeweza kumpa kidogo: aandike lakini asithibitishe, uthibitisho ubaki kwa mwenye mali, kwa kupigiwa simu na kusikia sauti ikisema, "Unataka kumtumia fulani shilingi elfu ishirini, bonyeza moja kukubali." Na jina la msaidizi libaki kwenye kumbukumbu. Hapo kijana mwenyewe anakuwa salama, maana siku fedha zikipotea hatashukiwa kwa kuwa tu ndiye aliyeshika simu.

Nikupe na mfano wa siri inayovuja bila mwizi yeyote. Meseji ya kuthibitisha malipo inamalizia na salio jipya. Mama akilipia kitu, muuzaji anataka kuona meseji ndipo aamini. Anaionyesha, na hapohapo amemwonyesha muuzaji, msaidizi na waliosimama nyuma yake kiasi alichobakiwa nacho. Mbunifu alidhani meseji inasomwa na macho mawili. Ingetosha kutenganisha: meseji moja ya kuonyesha, salio liulizwe peke yake. Sheria uliyoitaja ingefurahi pia.

Kuhusu mwenye fedha za mradi, hapo sina jibu jepesi. Ila mwambie ahesabu waliohudumiwa. Karani wa mwalo anaweza kuziandika boti zote za asubuhi ile kwa simu yake moja, na taarifa ikawa kamili kuliko manahodha wengi waliojisajili siku ya semina na kutoingia tena.

Nesi_wa_Zamu:

Habari zenu. Mimi niko zahanati, wilaya ya Uvinza. Mnazungumzia samaki, na kwetu afya ni yaleyale.

Tuna vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma za afya, kila huduma na kitabu chake, na mwisho wa mwezi tunajumlisha. Jumla zinaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kaka umetaja Norway: mfumo huo ulikuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianzia Afrika Kusini baada ya 1994 walipokuwa wanaunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuendeleza hapa kwetu. Walioanzisha walitoka kwenye mafundisho hayohayo ya Nygaard, kwamba mtumiaji wa chini awe mbunifu.

Mfumo ule ni mzuri, nausema kwa moyo wote. Tatizo linakuja pale mradi mwingine unapoleta tableti yake, halafu mwingine yake, na vitabu havijaondolewa. Nikizalisha mama usiku, nikiwa peke yangu zamu, naandika kitabuni, naandika kadi ya mama, halafu tableti inanitaka niandike yaleyale kwa mpangilio mwingine. Kitabu naweza kukifunua kwa mkono mmoja, nikaona mama watano wa mwisho kwa mara moja, nikakipa mwenzangu wa asubuhi bila kumwambia neno la siri. Anayetaka kuniletea skrini aje kwanza alale zamu moja aone kitabu kinafanya kazi ngapi ambazo hakuziandika kwenye orodha yake.

Na jambo jingine. Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, wa Brian DeRenzi na wenzake, uliochapishwa 2012, kuhusu meseji za kuwakumbusha wahudumu wa afya wa jamii kutembelea kaya. Meseji zilisaidia sana, na nguvu yake ilitokana na kwamba mhudumu akichelewa msimamizi wake naye anaarifiwa. Narudi palepale kwa Mwana_Kibirizi: kilichofanya kazi ni mtu aliye nyuma ya meseji.

Mha_wa_Heru:

Mwana wa Kibirizi, amani iwe kwako. Mimi ni mkulima wa maharage huku Kasulu. Umesema ya ziwani, ngoja niseme ya milimani.

Mama yangu anaelewa Kiswahili cha sokoni, lakini akisikia jambo la ndani, la ugonjwa au la shamba lake, anataka Kiha. Meseji za ushauri wa kilimo zinakuja kwa Kiswahili cha kitabuni, herufi mia na sitini, kila neno limefupishwa. Anasomewa na mjukuu wa darasa la nne ambaye naye haelewi. Ukimpigia simu ukamwambia kwa sauti anakumbuka mwaka mzima. Kwa nini hawatumii sauti?

Mwana_Kibirizi:

Mzee wangu, shikamoo. Sauti imejaribiwa na matokeo yake yanafundisha. Gujarat, India, Neil Patel, Tapan Parikh na wenzao waliweka huduma iitwayo Avaaj Otalo, mwishoni mwa miaka ya 2000. Mkulima anapiga simu, anarekodi swali, linajibiwa, na wengine wakipiga wanasikia swali na jibu. Waliojenga walijaribu njia mbili: kuongea na mashine au kubonyeza namba. Kubonyeza kulishinda. Na wakulima walipenda sana kusikia maswali ya wakulima wenzao, siyo mafundisho ya mtaalamu peke yake.

Kuna na Indrani Medhi aliyefanya kazi na wasiosoma kule India. Aligundua kwamba kuweka picha badala ya maandishi hakutoshi. Menyu inayoingia ndani ya menyu nyingine inawapoteza watu wasiopita shule hata kama ina picha na sauti. Orodha moja fupi, iliyo wazi, inawafaa zaidi. Fikiria basi menyu zetu za USSD: nafasi haizidi herufi 182 kwa ukurasa, unabonyeza 4, halafu 2, halafu 6, ukichelewa inakatika. Wengine wanaanza kwa kukudai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu ishirini, uziingize kabla muda haujaisha. Kwa mkoa wa mpakani kama wetu, ambako mtu kuipata namba hiyo kunaweza kuchukua mahojiano mengi, ukurasa wa kwanza unakuwa ndio wa mwisho.

Mlinzi_wa_Miombo:

Nami niongeze, maana watu watadhani hakuna kilichowahi kwenda vizuri mkoa huu.

Niko kijiji cha kusini, upande wa Masito. Vijiji vya huku vimekuwa na walinzi wa misitu wanaotembea na simu za Android, kwa kazi iliyoanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall yapata mwaka 2009, kwa kutumia Open Data Kit. Hiyo ni programu ya fomu iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, haina malipo, na inajazwa bila mtandao: unaandika porini, unatuma ukifika penye mnara. Tunarekodi mitego, miti iliyokatwa, mashamba mapya, viota vya sokwe, kila kimoja na mahali pake.

Kilichotufanya tuendelee, kwa ninavyoona, ni ramani. Alama ulizoweka porini unaziona kwenye karatasi kubwa, mahali unapopajua kwa jina. Ramani ikibandikwa mkutano wa kijiji, mtu anasimama anabisha: "Hapo si shamba jipya, ni la marehemu babu." Anakubaliwa au anakataliwa mbele ya watu. Nimekwisha kufanya na mradi mwingine uliokusanya taarifa zetu usituletee hata ukurasa. Huo tuliuacha wenyewe polepole, mmoja mmoja, bila mkutano.

Kwa hiyo kwa wale wanaouliza nani anamsomea nani, nami nauliza: taarifa ikishakwenda, nani anaturudishia?

Mfuganyuki_Sikonge:

Salaam kutoka Tabora. Nyuki na tumbaku ni hivyohivyo, sitarudia. Nataka tu Fundi_Msimbo ajue kwamba kwenye vyama vyetu simu janja ya katibu ndiyo ofisi. Katibu akisafiri, wakulima wote wamesafiri. Kwenye mfumo wako weka namna ya katibu kumkabidhi mwenzake kazi bila kumkabidhi simu.

Fundi_Msimbo:

Nimeandika, mkuu wa Sikonge. Hilo linajengeka, na sijawahi kuombwa na mteja hata mmoja.

Mama_Vichanja:

Hamjambo wanangu. Nimesomewa mwanzo wa uzi huu na binti yangu, nikasema na mimi niandikiwe. Nina vichanja vya kuanikia dagaa.

Mnasema mengi ya saa na ya fomu, na ni kweli. La kwangu ni hili. Walikuja watu na huduma ya bei. Ukibonyeza unaambiwa bei ya dagaa Dar, bei ya Mwanza. Wakashangaa kwamba hatuitumii. Sisi bei tunaijua. Dalali wa Dar ananipigia kabla jua halijapanda. Shida yangu ni kwamba mtaji sina. Nachukua dagaa kwa mali kauli kwa tajiri, nikishauza namrudishia. Kwa hiyo hata nikisikia boti ya jirani inauza beseni kwa bei nafuu siwezi kumkimbia tajiri wangu, maana kesho ziwa likiwa baya yeye ndiye ataniangalia. Bei inanisaidia nini hapo?

Na deni langu linaandikwa kwenye daftari la karani wake. Likitokea la kubishana, lake limeandikwa na langu lipo kichwani. Ndiyo maana sasa nikichukua mzigo naongea kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sauti, binti akinishikia simu: "Leo Jumanne nimechukua mabeseni manne kwa fulani, bei hii." Karani anasikia, wenzangu wanasikia. Tangu tuanze hivyo ubishi umepungua. Hatukufundishwa na mtu.

Mwana_Kibirizi:

Mama, shikamoo. Ulichoandikiwa hapa kina thamani kuliko uzi wote nilioandika mimi, na nitaeleza kwa nini ili wabunifu wasikipite.

Kuna utafiti mashuhuri wa Robert Jensen, wa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Minara ya simu ilipofika pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa wa huko walianza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza soko lipi lina wanunuzi. Bei za masoko zikakaribiana, na samaki waliokuwa wanatupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha. Tangu hapo kila mwenye huduma ya bei anautaja. Mwaka 2013 Janaki Srinivasan na Jenna Burrell walirudi Kerala wakaangalia kwa upana zaidi. Waliona kwamba mvuvi kuchagua soko kulitegemea mambo mengi ya mahali husika, likiwemo la kufungwa na mkopo wa mnunuzi au dalali. Simu haikufungua fundo hilo. Ndilo alilolisema Mama hapa, bila kwenda Kerala.

Na mfumo wa kweli uko mikononi mwake tayari: deni linalotamkwa kwa sauti, mbele ya mashahidi, siku hiyohiyo. Msomeaji yupo, ni binti yake. Uthibitisho upo, karani anasikia. Namba ya siri haipo. Kinachokosekana ni kidogo: ukitaka kulitafuta deni la mwezi uliopita lazima usikilize sauti zote; simu ya binti ikiharibika kumbukumbu zinakwenda nayo; na mama asiye na mtu mwenye simu janja hayumo. Mtu akitaka kutusaidia aanzie hapo, kwenye hayo matatu. Asilete menyu mpya.

Fundi_Msimbo, kama upo tayari, njoo Kigoma. Ila usije na programu iliyokamilika. Watu wa UTOPIA, mradi wa wachapaji wa Skandinavia wa miaka ya 1981 hadi 1985, walipotaka kubuni kompyuta za wachapaji walitumia maboksi na karatasi, mchapaji akawa anaonyesha kwa mikono anavyotaka skrini ifanye, kabla hakijanunuliwa kitu. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa karatasi na kalamu. Mtu hapati aibu ya kukosoa karatasi.

Fundi_Msimbo:

Nakuja. Niambieni lini, na nani awepo.

Mama_Vichanja:

Baba, usije kwenye giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani. Kipindi cha giza boti zinaingia kila alfajiri na hakuna atakayekusikiliza. Njoo wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa zimepumzika na watu wanagawana mapato. Hapo ndipo ubishi wa madeni unapotoka, utausikia kwa masikio yako.

Awepo karani wa tajiri wangu, hata kama hatapenda. Awepo katibu wa BMU. Wawepo akina mama wawili wasio na simu kabisa, nitawaleta mimi. Na binti yangu awepo, kwa sababu yeye ndiye anayebonyeza, na hakuna mradi uliowahi kumuuliza kitu. Malipo ya siku yake mnalipa nyinyi, anaacha biashara yake.

Fundi_Msimbo:

Nimekubali mama, na ya binti naandika kwenye bajeti kwa jina la kazi yake. Mwana_Kibirizi, nitumie ujumbe wa pembeni tupange mbalamwezi ijayo. Kabla ya hapo nitakuwa nimeirekebisha ile fomu ya saa. Nitaiweka hapahapa kwenye uzi mniambie kama chaguo nne zinatosha, au alfajiri igawanywe mara mbili.

Mwana_Kibirizi:

Igawanye. Boti za Katonga zinazorudi kabla ya adhana na zile zinazorudi kumekucha hazikufanya kazi sawa.